Shajara ya riwaya: wakili mfiwa, rafiki wa utotoni na saa moja isiyo na shahidi

14 Januari 2024: Kiini cha hadithi

Naanza riwaya ya taharuki ya mahakamani. Zuhura ni wakili wa kesi za jinai aliyetoka kumzika mdogo wake, Hamisi. Matanga hayajaanuliwa, Baraka anakamatwa kwa mauaji ya mfanyabiashara aliyekuwa akimdai fedha. Baraka, Zuhura na Hamisi walikua pamoja na kusoma shule moja, na Baraka hataki wakili mwingine.

Shajara hii ni ya yeyote anayetaka kuandika hadithi ya namna hii kwa Kiswahili. Mambo ya kawaida, kama kupanga sura na kuchagua majina, nitayapita haraka. Nitakaa pale kazi ilipokwama. Gharama nitaihesabu kwa kurasa zilizotupwa, kwa sababu hicho ndicho kitu mwandishi wa riwaya hulipa.

3 Februari 2024: Nchi isiyo na jina imekataa

Rasimu ya kwanza niliiweka katika nchi isiyotajwa, nikiamini hadithi ya urafiki na msiba inaweza kutokea popote. Urafiki unaweza. Kesi haiwezi. Kila nilipofika mlangoni pa mahakama swali lilinisimamisha: nani anaamua, jaji peke yake au watu wengine pamoja naye? Mshtakiwa anaweza kupewa dhamana? Ushahidi wa upande wa mashtaka unamfikia lini wakili wa utetezi? Bila majibu, mhusika hana cha kuogopa, maana hajulikani anaweza kupoteza nini na kwa njia gani.

Nikahamisha kila kitu Kenya, Mahakama Kuu, ambako kesi za mauaji husikilizwa. Papo hapo sura za mwisho zikaanguka. Nilikuwa nimejenga kilele juu ya hotuba ndefu ya Zuhura mbele ya kundi la raia wanaotoa uamuzi, mandhari tuliyolishwa na sinema za Marekani. Kenya uamuzi ni wa jaji. Hata wazee wa baraza waliokuwa wakiketi naye kumpa maoni waliondolewa na sheria mwaka 2007. Hoja za mwisho mara nyingi huwasilishwa kwa maandishi, kisha tarehe ya hukumu inapangwa, na tarehe hiyo yenyewe inaweza kusogezwa.

Nilitupa kilele chote. Nilichopata badala yake ni kizuri zaidi: jaji anayeandika kwa mkono huku shahidi akizungumza, na wakili anayelazimika kupunguza kasi ya maswali yake ili kalamu ile ifuatane naye. Zuhura anaisoma kesi yake kwenye kalamu ya jaji. Inapotulia katikati ya jibu, anajua jibu hilo halikuingia.

2 Machi 2024: Dhamana na kitanzi

Nilimwomba wakili mmoja mwenye uzoefu asome sura za mwanzo. Alirudisha kurasa zikiwa na alama kila mahali, na namshukuru kwa kila moja.

Kwanza, nilikuwa nimemnyima Baraka dhamana kwa sababu tu ameshtakiwa kwa mauaji. Hiyo ni Kenya ya zamani. Tangu Katiba ya 2010, Ibara ya 49 inampa kila aliyekamatwa haki ya kuachiliwa kwa dhamana yenye masharti ya kiasi, isipokuwa kuwe na sababu nzito za kumzuia. Kwa hiyo kiongozi wa mashtaka lazima azitaje sababu hizo, na hapo hadithi ikapata pigo lake la kwanza la kweli: sababu anayoitaja ni kwamba shahidi mkuu anamfahamu Baraka tangu utotoni na anaishi karibu naye, hivyo anaweza kutishwa. Zuhura anatambua mara moja shahidi huyo ni nani. Ni mwalimu wao wa shule ya msingi.

Pili, nilikuwa nimeandika kwamba Baraka akipatikana na hatia atahukumiwa kifo bila jaji kuwa na hiari. Kifungu cha 204 cha Kanuni ya Adhabu ndivyo kilivyosema kwa miaka mingi, lakini mwaka 2017 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Muruatetu, iliamua kwamba ulazima huo unakiuka Katiba. Hukumu ya kifo bado ipo, jaji halazimiki kuitoa, na hakuna aliyenyongwa nchini tangu 1987. Niliogopa kwamba taharuki ingepungua. Haikupungua. Kitanzi kinachojulikana kwamba hakitavutwa kilinifanya niandike hofu ya mtu wa umri wa Baraka: miaka. Binti yake atamaliza shule, ataolewa, naye yuko ndani.

Ushauri kwa anayefuata njia hii: mtafute msomaji wa sheria mapema, kabla hujaipenda sura yoyote.

6 Aprili 2024: Msiba usiofanya kazi

Hapa ndipo riwaya ilikaribia kufa. Zuhura alikuwa analia vizuri. Aliliona shati la Hamisi kwenye kamba akalia, akasikia wimbo akalia. Kila sura ilikuwa na ukurasa wake wa huzuni, kisha kesi ikaendelea kama vile hakufiwa. Nilifanya jaribio: nikafuta kurasa zote za msiba na kusoma kilichobaki. Kesi ilisimama vilevile. Hakuna swali mahakamani lililobadilika, hakuna uamuzi uliopinda.

Kama unaandika juu ya mfiwa, fanya jaribio hilo. Msiba unaoweza kufutwa bila hadithi kuyumba ni pambo, na mtu aliyewahi kufiwa atalijua pambo hilo kabla ya kumaliza ukurasa.

Nilijaribu kurekebisha kwa kumfanya Zuhura akose umakini: asahau tarehe, apoteze karatasi, achelewe. Ilisaidia sura mbili, kisha ikachosha. Wafiwa wengi ninaowajua hufanya kinyume chake, hushika kazi kwa mikono miwili kwa sababu kazi ndiyo pekee inayojibu ukiiuliza. Zuhura aliyezembea hakuwa mkweli, naye alimpunguzia Baraka sababu ya kumtaka.

Suluhisho lilitoka kwenye kalenda. Mauaji nilikuwa nimeyaweka wiki tatu baada ya maziko. Niliyasogeza nyuma hadi usiku wa kuamkia maziko yenyewe. Baraka alikuwa wapi usiku huo? Alikuwa matangani, nyumbani kwa Zuhura. Utetezi wake wote uko ndani ya msiba wa wakili wake. Ili kumwokoa, Zuhura lazima arudi usiku ule ambao kila sehemu ya nafsi yake inataka kuusahau, na aupange kwa saa.

Gharama: karibu nusu ya rasimu. Sijawahi kufuta kurasa kwa furaha kiasi kile.

11 Mei 2024: Uwanja uliojaa watu

Furaha haikudumu. Msomaji wangu wa sheria aliuliza swali moja: matangani kulikuwa na watu wangapi? Nyumba imejaa, turubai limejaa, wanawake jikoni, wanaume nje. Kama Baraka alikuwa huko, mashahidi ni umati mzima na kesi haifiki popote.

Niliwafikiria wageni wakiondoka mapema, nikafikiria mvua, nikafikiria taa kuzimika. Yote yalinuka uchovu wa mwandishi. Jibu lililosimama lilitoka kwenye shughuli ya kawaida ya msiba. Kitambulisho cha marehemu kilihitajika kwa ajili ya kibali cha maziko na hakuna aliyejua kilipo. Zuhura aliingia chumbani kwa Hamisi kukitafuta, Baraka akamfuata kumsaidia, wakafunga mlango kwa sababu hakutaka kuonwa akigusa nguo zile. Umati ulimwona Baraka akibeba viti mapema jioni, na ulimwona tena usiku wa manane akigawa maji. Upande wa mashtaka unasema mfanyabiashara aliuawa kati ya saa tatu na saa nne, umbali wa mwendo mfupi kwa miguu. Saa hiyo Baraka alikuwa nyuma ya mlango uliofungwa, na shahidi ni mmoja.

Tena shahidi huyo alisinzia. Hapa ndipo riwaya inaposimama. Zuhura alikuwa hajalala tangu hospitali. Anakumbuka kitambulisho kikiwa ndani ya kiatu, anakumbuka kifungo cha shati alichokuwa akikizungusha vidoleni, anakumbuka Baraka akisema "pumzika kidogo, Zuhura." Alipofungua macho Baraka alikuwa amekaa palepale. Je, alikuwa amekaa palepale muda wote?

Tukio hili nililiandika mara kadhaa kwa namna tofauti. Toleo lenye ukungu, ambamo kila kitu hakieleweki, lilionekana la kishairi na halikuaminika. Lililofaulu lina vitu vidogo vinavyoonekana wazi kabisa na saa nzima inayokosekana kati yake.

15 Juni 2024: Kanuni ya 9

Alama iliyofuata kutoka kwa msomaji wangu ilikuwa nzito: kama Zuhura ni shahidi, hawezi kuwa wakili. Kanuni ya 9 ya kanuni za utendaji wa mawakili nchini Kenya inamkataza wakili kusimama katika shauri ambalo ana sababu ya kuamini huenda akahitajika kutoa ushahidi. Nilivyokuwa nimeandika, Zuhura alijua tangu siku ya kwanza akaendelea tu. Msomaji wa kawaida angemsamehe. Mwanasheria angekifunga kitabu.

Sikutaka kumgeuza kuwa mvunja maadili, wala kumtoa kwenye kesi kabla haijaanza. Nikaongeza mtu: mjomba wa familia, mzee anayeheshimika, aliyeandikisha taarifa kwamba aliingia chumbani saa ile akamkuta Baraka akiwa macho. Taarifa hiyo inatosha, kwa hiyo Zuhura ana sababu ya dhati ya kuamini hatahitajika. Kesi inaanza. Katikati yake, wakati wa kumwandaa shahidi, mjomba anasema kwa sauti ya chini kwamba amefikiri sana, na huenda ule ulikuwa usiku wa jana yake. Kuanzia sentensi hiyo Kanuni ya 9 inamkaba.

Kisha nikagundua kitu ambacho sasa ndicho mhimili wa kitabu. Mashahidi hukaa nje ya chumba cha mahakama hadi zamu yao, ili wasisikie wenzao. Aliyekaa ndani haondolewi haki ya kushuhudia kwa hilo tu, ila uzito wa maneno yake hupungua, kwani anaweza kuwa ameyashona yalingane na aliyoyasikia. Wakili hukaa ndani siku zote. Kila kikao ambacho Zuhura anaendelea kumtetea Baraka, anazidi kuwa shahidi dhaifu wa kumwokoa. Sikuhitaji tena mtu wa kumfuata gizani wala simu za vitisho. Saa inayopungua ilikuwa imeshatiwa ndani ya utaratibu wa mahakama, nami nilikuwa nimepita mbele yake kwa miezi.

Nilizifuta sura za vitisho zote. Ninaomba kila mwandishi wa aina hii atafute kwanza hatari iliyomo katika kanuni zenyewe kabla ya kuleta majambazi.

Faida ya pembeni: kifungu cha 134 cha Sheria ya Ushahidi kinalinda mambo ambayo mteja amemwambia wakili wake katika kazi hiyo. Alichosema Baraka chumbani usiku ule alimwambia dada wa marehemu, si wakili. Hakilindwi. Nusu ya maneno yao ina ukuta, nusu haina, na wote wawili hawakujua usiku ule kwamba ukuta ungekuja kuhitajika.

17 Agosti 2024: Kumhoji Mwalimu

Sura iliyonila muda kuliko zote. Mwalimu alimwona mtu akitoka nyumbani kwa mfanyabiashara aliyeuawa na anasema ni Baraka. Rasimu ya kwanza ya maswali ya dodoso, yale ambayo wakili humuuliza shahidi wa upande wa pili, ilikuwa shambulio: macho ya uzee, miwani, chuki ya zamani. Niliisoma kwa sauti nikaona aibu kwa niaba ya Zuhura. Hakuna mtu aliyelelewa vizuri angesema vile kwa mwalimu aliyemfundisha kuandika jina lake, na hakuna jaji angependezwa.

Nilirudi kwenye hukumu za zamani. Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, katika Abdalla bin Wendo ya 1953 na tena katika Roria ya 1967, ilionya juu ya kumtia mtu hatiani kwa shahidi mmoja wa utambuzi, hasa mazingira ya kuona yalipokuwa magumu. Kiongozi wa mashtaka ana jibu lake: Anjononi ya 1980, inayosema kumtambua mtu unayemfahamu kunaaminika kuliko kumtambua mgeni. Na Zuhura ana jibu la jibu, kutoka Turnbull ya Uingereza ya 1976: hata ndugu na marafiki wa karibu watu huwakosea. Hukumu hizi zinatoa orodha ya mambo ambayo jaji atayapima: mwanga, umbali, muda, kizuizi.

Basi Zuhura anauliza hayo tu, polepole, kwa heshima.

"Mwalimu, shikamoo. Taa ya barabarani ilikuwa mbele yako au nyuma yako?"

"Mbele yangu, mwanangu."

"Na yule mtu alikuwa kati yako na taa?"

"Ndiyo."

"Ulimwona uso, Mwalimu, au ulimjua kwa mwendo?"

Kimya. "Baraka nimemwona akitembea tangu ana miaka sita."

Zuhura anakaa. Rasimu ya awali ilikuwa na swali moja zaidi, "kwa hiyo huenda umekosea?" Nililifuta. Mwalimu angejibu "hapana," na kazi yote ingebomoka. Jaji ameshaandika neno "mwendo".

Katika sura hii Mwalimu ananiuma kuliko yeyote. Anasema kweli kama anavyoijua, na anampenda mshtakiwa.

7 Septemba 2024: Simu

Fupi. Rekodi za simu ya Baraka zinaonyesha mnara uliomhudumia usiku ule. Mnara unahudumia eneo, hauonyeshi chumba, na nyumba zote mbili zimo ndani yake. Niliwahi kujenga mshangao juu ya rekodi kukosa cheti cha ushahidi wa kielektroniki kinachotakiwa na kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi. Nimeupunguza hadi aya moja, kwa kuwa ushindi wa karatasi katika sehemu hii unamwibia msomaji swali la chumbani.

12 Oktoba 2024: Zuhura kizimbani pa mashahidi

Upande wa mashtaka unafunga kesi. Jaji anaamua Baraka ana kesi ya kujibu. Kipimo hapa, tangu kesi ya Bhatt ya 1957, ni kama mahakama ikizingatia sheria na ushahidi uliopo ingeweza kumtia hatiani endapo mshtakiwa asingetoa maelezo yoyote. Usiku huohuo Zuhura anajitoa. Wakili mdogo wa ofisi yake anachukua faili, na mtu aliyekuwa akimbebea vitabu ndiye sasa anamwongoza kutoa ushahidi.

Rasimu mbili za sura hii zimeshindwa. Katika moja Zuhura alisema kwa uhakika kwamba Baraka hakutoka. Ilisisimua na ilikuwa uongo, nami sikuweza kumpenda tena baada ya hapo. Katika nyingine alivunjika akilia, na machozi yakamaliza kazi ya maneno. Toleo linalosimama lina swali la kiongozi wa mashtaka lisilo na ukali wowote:

"Wakili, pole kwa msiba. Ulilala?"

"Nililala."

"Muda gani?"

"Sijui."

Anasema "sijui" mbele ya Baraka, akijua linavyogharimu. Kisheria halimalizi utetezi. Mahakama ya Rufaa ya Kenya ilisema katika kesi ya Kiarie ya 1984 kwamba mshtakiwa anayedai alikuwa mahali pengine habebi mzigo wa kuthibitisha. Inatosha utetezi huo ukiingiza shaka ya maana katika akili ya mahakama. Maelezo haya nilimpa wakili mdogo katika hoja zake za mwisho, sentensi nne tu. Kabla ya hapo yalikuwa kurasa tatu za mhadhara mdomoni mwa Zuhura.

23 Novemba 2024: Hukumu

Nimeamua. Baraka anaachiliwa kwa sababu shaka imebaki, na kitabu hakisemi kama alitoka chumbani. Nilikuwa na sura ya ziada ambamo muuaji mwingine anakiri. Ilifunga kila kitu, ikamwondolea Zuhura jambo pekee alilobaki nalo, yaani kuishi jirani na rafiki ambaye huenda alimshikia mkono usiku mzima na huenda hakumshikia. Imefutwa.

Kilichobaki: sura ya hukumu bado ni ndefu, nataka jaji asome kwa kurasa mbili tu, akianza na neno "mwendo". Mjomba anahitaji tukio moja zaidi kabla ya kubadili kauli, ili isionekane nimemleta kwa ajili ya Kanuni ya 9 peke yake. Msomaji wangu wa sheria anapitia tena sura ya Oktoba, nami nimemwomba aangalie hasa pingamizi linalotolewa pale Zuhura anapoulizwa Baraka alimwambia nini baada ya kukamatwa. Haki hiyo ya siri ni ya Baraka, na kwa sasa anaikubali iondolewe. Sina hakika kama mtu mwenye busara angeikubali.